Kitulo wakati wa maua: raha yake na tope lake

Anayekwenda Kitulo kutafuta simba amepotea njia. Hifadhi hii ya kusini mwa Tanzania, ya kilomita za mraba 413 hivi, iliyotangazwa mwaka 2005, ni ya nyasi na maua, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Uwanda upo takriban mita 2,600 juu ya bahari. Okidi peke yake ni aina 45.

Muda ndio kila kitu. Maua hushamiri Desemba hadi Aprili, yaani katikati ya masika ya nyanda za juu; Septemba hadi Novemba kutembea ni rahisi zaidi, lakini rangi ni chache. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, afadhali ubaki Mbeya.

Kutoka Mbeya fuata barabara ya Dar es Salaam kilomita 78 hadi Chimala, kisha panda kona za Hamsini na Saba hadi Matamba. Kutoka hapo hadi uwandani ni saa nzima zaidi. Mvua ikinyesha, udongo huteleza na gari dogo hukwama. Chukua lenye kuendesha magurudumu yote manne, na ujaze mafuta kabla ya kupanda.

Anza mapema, kwa miguu, maana okidi nyingi ni ndogo na dirishani huzioni. Mabuti ya mpira, koti la mvua, sweta. Tazama pia ndege: tandawala na mbayuwayu wa buluu. Usichimbe viazi vya okidi: biashara ya chikanda, chakula cha viazi hivyo kinacholiwa Zambia, imeshavimaliza vya kutosha.