Ramani ya nyumba ya kijani kutoka ofisi moja ya Nyali: tathmini ya mteja

Ofisi ninayoitathmini hapa ni ya wasanifu majengo walioko Nyali, Mombasa, na huduma niliyoilipia ni ile wanayoiita ramani ya nyumba ya kijani: michoro ya nyumba ya familia, maelezo ya vifaa vya ujenzi, na ufuatiliaji wa idhini kwa kaunti hadi ramani igongwe muhuri. Jina lao sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko pamoja na sifa, na kwa sababu mengi ya nitakayoyasema yangeweza kuwahusu wenzao wa Tudor au Likoni vilevile.

Msanifu niliyepangiwa alishughulika na kiwanja kabla ya kuigusa nyumba, na hilo peke yake linastahili pongezi. Kiwanja changu cha Kisauni ni chembamba na kimelala kutoka kaskazini hadi kusini, kwa hiyo nyumba iliyofuata umbo lake ingekuwa na ubavu mrefu unaopigwa na jua la asubuhi na mwingine unaopigwa na jua la alasiri, na ukuta wa magharibi ungebaki na joto hadi watu waende kulala. Yeye aliirudisha ngazi, stoo na bafu upande huo wa magharibi, akavielekeza vyumba vya kulala kusini vipate upepo wa kusi, kisha akaacha nafasi za juu ya milango ili kaskazi nayo ipite nyumba nzima. Madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo siku hizi kila fundi huyaweka bila kuulizwa, aliyakataa kwa hoja niliyoielewa mara moja: dirisha la vioo viwili vya kuteleza, hata likifunguliwa lote, huachia nusu tu ya nafasi yake. Badala yake alichora madirisha ya bawaba, juu yake matofali ya matundu, na juu kabisa kibaraza cha zege cha kukinga jua. Si mambo mageni. Waliojenga Mji wa Kale kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti waliyajua bila kuyaita ya kijani.

Upande wa maji kazi ilikuwa hafifu. Katika mji ambao maji ya mfereji hutoka mbali, Mzima na Baricho, na ambao visima vyake vingi vina chumvi, nilitarajia tangi la maji ya mvua liwe jambo la kwanza. Paa la mita za mraba 120 hupokea lita 1,200 kwa kila milimita 10 za mvua, na masika hapa haina ubahili. Hata hivyo tangi lilionekana kwenye mchoro baada ya mimi kuliomba, likatozwa ada ya ziada, sawa na vibaraza vya kukinga jua. Mtambo wa kupasha maji kwa jua, kwa upande mwingine, ulikuwemo tangu mwanzo, na haukuzingatia kwamba maji magumu ya kisima huacha ukoko wa chokaa ndani ya mirija.

Nilipouliza mpangilio huo wa ajabu umetoka wapi, nilikabidhiwa orodha ya mambo ya lazima ambayo ofisi hiyo huyafuata: umbali kutoka mpaka wa kiwanja, urefu wa jengo, maji taka, saini ya mhandisi. Kivuli, upepo na maji ya mvua havikuwemo. Mengine yote, niliambiwa, ni hiari ya mteja, na viwango vya namna hiyo ni shauri la Nairobi.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao, kwa kuwa jibu hilo ni nusu ya ukweli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti mipango na maendeleo ya kaunti, yakiwemo makazi na udhibiti wa nishati, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 imeziachia idhini ya ujenzi. Sheria ya Nishati ya mwaka huohuo inakwenda mbali zaidi: miongoni mwa kazi za kaunti imeorodhesha kuzirekebisha kanuni za kitaifa za matumizi bora ya nishati katika majengo ili zilingane na hali ya mahali. Mamlaka hayo yana mpaka, bila shaka, kwani Kifungu cha 191 cha Katiba kinaeleza ni lini sheria ya taifa huishinda ya kaunti. Mivutano ya aina hii iko kwingine pia: Berkeley, Marekani, ilipiga marufuku mabomba ya gesi katika majengo mapya mwaka 2019, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba sheria ya shirikisho haikuuruhusu mji kufanya hivyo. Lakini kwetu sheria ya taifa yenyewe ndiyo iliyoikabidhi kaunti kazi hiyo.

Na ina maana kubwa kwa Pwani. Kanuni za kitaifa za 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapate asilimia 60 ya mahitaji hayo kutoka kwa jua, kipimo kilekile kwa Nyeri yenye baridi na kwa Mombasa, ambako wengi huoga maji ya mfereji jinsi yalivyo. Anayeandika viwango akiwa hapa angeanza na ukuta wa magharibi. Nashuku ndiyo sababu ofisi yangu iliuweka mtambo wa maji moto kwenye bei ya msingi na kivuli kwenye nyongeza: ilifuata mazoea ya kitaifa.

Kwa anayejenga nyumba ya kuishi mwenyewe, huduma hii naipendekeza, hasa kwa mpangilio wa vyumba na hewa. Mwenye kujenga fleti za kupangisha atabanwa na ada za nyongeza, na huenda akaviacha vibaraza. Vyovyote iwavyo, kabla ya kulipa malipo ya awali, mkataba utamke kwamba tangi, mifereji ya paa na vikinga jua vitachorwa kwenye ramani ileile inayopelekwa kaunti wala si kwenye karatasi ya kando, kwa sababu mkaguzi akifika hukagua kilichopigwa muhuri.