OpenSees kwa paili za msingi Mbeya: uzoefu wangu

Paili (nguzo ndefu ya msingi iliyozama ardhini) ikisukumwa pembeni, udongo unairudishia nguvu kiasi gani? Kwa swali hilo natumia OpenSees, programu ya kompyuta ya kukokotoa miundo, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni ya bure, unaiandikia kwa Python, na laptopu ya kawaida inatosha. Haina sehemu ya kuchora. Kila kitu unaandika mwenyewe, nami napenda hivyo, maana kila dhana inabaki wazi kwa mhandisi atakayekagua.

Chukua paili ya zege ya kuchimba, kipenyo milimita 600, urefu mita 12. Naigawa vipande vya mita 0.5, zinapatikana nodi (sehemu za kuungana) 25. Kila nodi inafungwa springi zinazowakilisha udongo: PySimple1 kwa ajili ya pembeni na TzSimple1 kwa msuguano wa ubavuni. Kitakoni QzSimple1 moja, kwa uzito unaobebwa na ncha ya chini. Zege lenye ugumu (E) wa GPa 30 linakupa EI, yaani ugumu wa paili dhidi ya kupinda, ya takriban kNm² 190,000. Likishapasuka nyufa, naishusha hadi karibu nusu.

Wengi wanaumia kwenye pult, yaani nguvu ya juu kabisa ambayo springi ya pembeni inahimili. Programu haijui vipimo vyako, na pult ni nguvu ya springi nzima, si nguvu kwa kila mita. Udongo unaohimili kN 40 kwa mita, springi ya katikati ipewe kN 20, ya mwisho kN 10. Ukiingiza 40 kila mahali, paili inatoka na uwezo maradufu bila onyo lolote! Tena, kwenye mchanga, nodi ya juu kabisa hesabu yake ni sifuri, na sifuri haikubaliki. Weka namba ndogo sana.

Hesabu ikigoma mzigo unapokaribia kikomo, hamia DisplacementControl (unaongeza msogeo badala ya mzigo), milimita 0.5 kwa hatua, pamoja na KrylovNewton, mbinu ya kutatua milinganyo.

Tahadhari kubwa ni udongo wetu. Mikondo ya PySimple1 (mistari ya nguvu dhidi ya msogeo) inafuata kanuni za mtafiti Matlock kwa mfinyanzi laini, na za API, taasisi ya petroli ya Marekani, kwa mchanga. Rungwe na Tukuyu kuna majivu na kokoto nyepesi zenye matundu. Mlipuko mkubwa wa volkano ya Rungwe wa miaka kama 4,000 iliyopita ulimwaga nyingi. Kokoto hizo hupondeka zikibanwa, kwa hiyo namba za SPT (jaribio la kuhesabu mapigo ya nyundo ya kuzamisha kipimo ardhini) ukizisoma kwa majedwali ya mchanga wa kawaida zinapotosha. Fanyeni jaribio la kusukuma paili pembeni, kisha rekebisheni pult na Y50 (msogeo ambapo springi inafikia nusu ya pult) mpaka mkondo ulingane na vipimo.

Kwa kundi la paili, springi za paili moja hazijui kwamba paili jirani zinadhoofisha udongo, hivyo unapunguza mwenyewe. Nafasi ikiwa vipenyo vitatu, AASHTO (kanuni za Marekani za madaraja) inazidisha pult kwa 0.8 safu ya mbele, 0.4 ya pili, 0.3 zinazofuata.