Uzoefu wangu na kinanda chenye sikwensa: sauti inaposhuka yenyewe katikati ya wimbo

Kinanda hiki nilikinunua kikiwa kimeshatumika, na tangu hapo kinatumika kuandaa nyimbo za kwaya yetu hapa Mtwara mjini. Sauti zake ni nzuri na kibodi bado ni imara. Nitajikita kwenye sikwensa, yaani sehemu ya kinanda inayorekodi upigaji na kuucheza tena, kwa sababu huko ndiko nilikosumbuka zaidi, na huko ndiko pia kilikojionyesha kuwa ni chombo cha maana.

Katika wimbo mmoja, vayolini zilikuwa zikififia kwenye ubeti wa pili, na besi ikihamia spika ya kushoto. Mwalimu wa kwaya alishuku mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), wengine wakashuku waya. Hata hivyo, nilipozipiga sauti zilezile kwa mkono hazikuwa na tatizo lolote, ilhali rekodi ilififia kila mara kwenye baa (kipande kimoja cha mapigo ya wimbo) ileile, na waya mbovu hauwezi kuchagua baa.

Sikwensa hairekodi sauti yenyewe, bali maagizo ya MIDI, utaratibu wa vyombo vya muziki kupashana maagizo uliotoka mwaka 1983. Pamoja na noti, hunasa kila badiliko la vidhibiti, na kila kidhibiti kina namba yake: 7 ni kiwango cha sauti, 10 ni upande wa spika, 11 ni ekspresheni (kupandisha na kushusha sauti ndani ya wimbo), 64 ni pedali ya kushikilia noti, na thamani zake huanzia 0 hadi 127. Nilipofungua orodha ya matukio (maagizo yote yaliyorekodiwa) ya traki ya vayolini, yaani safu yake ya rekodi, nilikuta namba 7 zimejipanga kwa wingi katikati ya noti, thamani zikiyumba, ingawa slaidi, kile kitufe cha kusogeza kinachorekebisha sauti, haikuguswa wakati wa kurekodi. Mji wetu uko kando ya bahari, na unyevu wenye chumvi huchafua mguso ulio ndani ya slaidi hadi ikawa inatuma namba bila kusogezwa.

Hapo ndipo nilipokipenda kinanda hiki. Baada ya kuhifadhi nakala ya wimbo, nilichagua traki, nikataja baa ya kuanzia na ya kuishia, nikaagiza kifute namba 7 peke yake, na noti zote zikabaki salama. Uwezo wa kuchagua namba moja ni jambo kubwa, kwa kuwa kifaa kinachofuta vidhibiti vyote kwa pamoja huondoa na pedali, na piano iliyopigwa kwa ustadi ikabaki imekatikakatika. Upindaji wa sauti na mgandamizo wa vidole baada ya kupiga noti si vidhibiti vya namba, kwa hiyo hufutwa kivyake.

Jambo linaloweza kumkatisha mtu tamaa ni kwamba hata baada ya kufuta, sauti inaweza kubaki chini, kwa sababu chaneli, yaani njia inayopokea maagizo ya traki, hushikilia thamani ya mwisho iliyopokea mpaka ipewe nyingine. Kwa hiyo mwanzoni mwa kila traki niliingiza namba 7 yenye thamani 100, namba 10 yenye thamani 64 ambayo ni katikati, na namba 11 yenye 127. Tangu hapo wimbo unaanza vilevile kila unapochezwa.

Lawama yangu ni kwenye kichujio cha kurekodi, yaani mpangilio wa kuchagua maagizo yasiyorekodiwa, ambacho kingezuia usumbufu huu tangu mwanzo. Kimefichwa ndani sana kwenye menyu, na kila kinanda kinapozimwa mipangilio yake hupotea, jambo lisilofaa kabisa kwa chombo cha kazi. Slaidi yenyewe ilisafishwa na fundi na sasa imetulia.

Kwa anayetaka kununua kinanda cha aina hii kilichotumika, iwe Mtwara au Lindi, namshauri kabla ya kulipa arekodi baa kadhaa tupu bila kugusa chochote, kisha afungue orodha ya matukio. Akikuta namba zimejiandika humo, gharama ya fundi ipunguzwe kwenye bei.