Nimeuza simu yangu Mtaa wa Aggrey: duka moja la kulisifu

Ukikatiza Msimbazi umeshika simu ya kuuza, mawinga, yaani madalali wa mtaani, wanakuwahi kabla hujafika dukani. Huyu anakuita dada, yule anakuita bosi, na simu inaanza kuzunguka mikononi mwa watu usiowajua. Duka ninalolisifu halina winga mlangoni. Liko ghorofani, Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, meza ya kioo na vijana wawili wapole.

Nilipeleka Samsung Galaxy A52, toleo la 2021, kioo chake orijino, boksi lipo na risiti ipo. Kijana alibonyeza *#06#, akalinganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, kisha akaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 aone kama jina la simu linalorudi ni hilohilo. Uhakiki huo tuliuzoea tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilipozima simu bandia Juni 2016, ila yeye aliufanya huku mimi natazama.

Akanieleza pia kwamba tarakimu ya 15 ya IMEI ni ya uhakiki, inakokotolewa kutokana na zile 14 za mwanzo. Nilikaa na kalamu nyumbani nikahakikisha. Ukianzia kulia, unazidisha kwa mbili tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea. Jibu likizidi 9 unajumlisha tarakimu zake mbili. Jumla ya zote lazima igawanyike kwa 10. Ni mbinu ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyepata hataza yake 1960, na ndiyo inayotumika kwenye namba za kadi za benki. Ukikosea tarakimu moja tu, hesabu inakataa papo hapo. Nilifurahi sana kujifunza hayo kwa muuza simu.

Kwa *#0*# alipima kioo kwa kukijaza rangi moja moja: nyekundu, kijani, buluu. Pale chini kulikuwa na kivuli chembamba ambacho sikuwahi kukiona. Alinionyesha kwanza, ndipo akapunguza bei, kutoka 270,000 hadi 240,000. Kupunguziwa bei namna hiyo hakuumi.

Alama kubwa nawapa kwenye kufuta data. Hakuniomba nenosiri. Alinipa simu niondoe mwenyewe akaunti ya Google, kisha nirudishe simu kwenye hali ya kiwandani, tukasubiri hadi iwake upya na kuuliza lugha. Akaunti ikibaki, mnunuzi anaweza kukwama akidaiwa nenosiri lako. Na kwa kuwa simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi huhifadhi data ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa siri, kufuta vile kunaharibu ufunguo huo. Picha zako haziokotwi kirahisi. Kwa mama mwenye picha za watoto, hili ni kubwa kuliko bei.

Mwisho tuliandikiana hati ya mauziano yenye IMEI na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nakala moja kwangu. Simu ikiingia kwenye uhalifu kesho, nina karatasi mkononi.

Bei yao si ya juu. Ukimuuzia mtu wa kazini unaweza kupata zaidi, na ada ya kutoa pesa waliyonitumia niliilipa mimi, jambo wanalopaswa kulirekebisha. Simu yenye kioo kilichopasuka hawapokei kabisa. Jumamosi foleni inafika ngazini, kwa hiyo nenda katikati ya wiki asubuhi, na boksi usilisahau.