Uzoefu wangu: kuiona Rap, boti ya topedo ya mwaka 1873, Horten

Kama unaishi Norwe au unapita tu, na mambo ya vyombo vya baharini yanakugusa, nenda Horten ukaione Rap. Kutoka Oslo panda treni hadi Moss, kisha feri inakuvusha ghuba kwa kama nusu saa. Makumbusho ya jeshi la wanamaji yako Karljohansvern, kwenye kambi yao ya zamani.

Wageni wengi, hasa wenye watoto, hukimbilia nyambizi Utstein. Sawa, ni nzuri, lakini mimi naenda kwa ajili ya Rap. Ilijengwa na Thornycroft huko Chiswick, ukingoni mwa mto Thames, na ni miongoni mwa boti za mwanzo kabisa duniani kuundwa makusudi kwa kazi ya topedo, yaani kilipuzi cha kutoboa meli chini ya maji.

Kabla ya kuiona nilikuwa nimesoma habari zake, na kichwani nilikuwa na picha ya manowari. Simama ubavuni mwake uone: chombo chembamba kisichofika mita 20, chuma chake chepesi, na kimelala chini mno. Majahazi ya kwetu Tanga yana tumbo kubwa kuliko hili! Wepesi huo ndio uliokuwa siri yake. Injini ya mvuke iliisukuma hadi noti 14.5, yaani kama kilomita 27 kwa saa, na mwaka 1873 hiyo ilikuwa mbio kwelikweli.

Mbio za nini? Hapo ndipo nilipowaonea huruma mabaharia wale. Topedo nyingi za enzi hizo zilikuwa baruti iliyofungwa kwenye ncha ya mti mrefu uliochomoza mbele ya omo. Ilibidi uikimbilie meli ya adui usiku, uichome chini ya maji, ulipue ukiwa papo hapo. Mwaka 1864, kule Marekani, ofisa wa wanamaji William Cushing aliizamisha manowari Albemarle kwa njia hiyo. Katika kikosi chake ni yeye na mwenzake mmoja tu waliotoroka, wengine walikufa maji au wakatekwa. Rap yenyewe ilikusudiwa kwanza kukokota topedo kwa kamba, jambo ambalo kwangu linatisha vilevile.

Baadaye ilipewa topedo za mhandisi Mwingereza Robert Whitehead, zile zinazojiendesha kwa hewa iliyoshindiliwa. Whitehead alizianza Fiume, leo Rijeka nchini Kroatia, mwaka 1866, akiendeleza wazo la Giovanni Luppis. Topedo yake ya kwanza ilikwenda noti 6 hivi tu, lakini sasa baharia aliweza kupiga kutoka mbali. Januari 1878 boti za Makarov wa Urusi ziliizamisha meli Intibah ya Waturuki karibu na Batumi kwa topedo za aina hiyo. Mwaka 1891 manowari ya deraya ya Chile, Blanco Encalada, ikazamishwa kwa topedo bandarini Caldera. Waingereza wakaunda meli za kuziwinda boti hizi, Havock ikiwa ya mwanzo, 1893.

Ushauri wangu: soma kidogo habari za Whitehead kabla ya kwenda, kisha ianzie Rap omoni uizunguke polepole hadi tezi. Angalia pia siku za kufunguliwa kabla hujapanda feri, maana hubadilika kwa msimu.