Bafu ya maji ya lita 12 isiyo na kipoozeo: je, inafaa kupima umumunyifu wa toluini Dodoma?

Bafu ya maji ni tangi la maabara la kuwekea sampuli kwenye joto lisilobadilika. Tangi la hii ni la chuma kisichoshika kutu, pampu inazungusha maji kimyakimya, na kioo kinaonyesha nyuzi za Selsiasi hadi desimali moja. Kwa kazi za kila siku za maabara ya chuo, bafu hii haina neno. Kasoro inajitokeza ukitaka kuitumia kupima umumunyifu, yaani kiasi kinachoyeyuka majini, wa haidrokaboni (kemikali za kaboni na hidrojeni tu, kama toluini na benzini) joto linapobadilika.

Ina hita tu. Haishuki chini ya joto la chumba, na kwa kuwa pampu nayo hutoa joto, hutulia vizuri kuanzia nyuzi tano hivi juu ya hapo. Mchana wa Novemba, maabara ikiwa na nyuzi 29, kipimo cha kwanza cha kuaminika ni 34. Toluini na benzini hazifuati kanuni ya sukari kwenye chai: umumunyifu wake hupungua maji yanapopata joto kutoka sifuri, hufika chini kabisa kwenye nyuzi 18 hivi, ndipo huanza kupanda. Chini ya hapo kumumunyika hutoa joto, juu yake hufyonza joto. Anayeanzia 34 atachora mstari unaopanda tu, na bonde lote litampita.

Dawa yake ni bomba la shaba lililokunjwa kama springi, lizamishwe ndani ya tangi na kupitishiwa maji ya barafu kwa pampu ndogo ya tangi la samaki. Hita iachwe ikiwaka, la sivyo kidhibiti hakina cha kurekebisha. Usiku wa Juni na Julai barafu kidogo tu inatosha kufika nyuzi 10.

Wapo wanaoilaumu bafu kwa sababu walikihakiki kipimajoto chake kwa maji yanayochemka, wakapata 96. Kipimajoto hakijakosea. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye 96 hivi. Hakiki kwa barafu iliyosagwa na maji safi: sifuri ni sifuri popote.

Kipimo chenyewe: maji yaliyotoneshwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa yawe safi) mililita 200, yachemshwe kwanza kuondoa hewa, kisha toluini mililita 5, kwenye chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo na koki chini. Koroga polepole kwa saa 48. Ukikoroga kwa kasi, matone madogo ya toluini yatabaki yakielea majini na majibu yatapanda bure. Acha itulie saa 24 ndani ya bafu, mwaga mililita chache za kwanza, chukua sampuli kutoka chini. Kwenye nyuzi 25 tarajia karibu gramu 0.53 kwa lita. Kati ya 10 na 30 tofauti ni asilimia chache tu, kwa hiyo pipeti mbovu inaharibu kazi kuliko desimali ya bafu.

Sampuli ya nyuzi 45 ikipoa mkononi huwa na ukungu, maana toluini inajitenga. Idondoshe moja kwa moja kwenye methanoli (aina ya alkoholi) iliyopimwa tayari. Soma kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na sampuli, kwenye nanomita 261 kwa kyuveti (vichupa vya sampuli) za kwatzi. Za kioo cha kawaida huzuia mwanga huo.

Lililo baya zaidi ni hili: umeme ukikatika na kurudi, bafu inabaki imezimwa mpaka mtu abonyeze. Kwa zoezi la siku tatu hilo halivumiliki bila betri ya akiba. Tangini usijaze maji ya bomba, yataacha ukoko mweupe kwenye hita. Tena hewa ya hapa ni kavu, juu ya nyuzi 40 maji hupungua haraka, funika. Na vile vizibo vya mpira vinavyokuja na vishikio vya chupa, viache kabatini: mpira hunyonya toluini.