Mafunzo ya kuendesha kwa kujilinda hapa Goma, maoni yangu

Niko shofere wa taksi miaka nane na nimemaliza hii formasio ya siku tatu, kusema kweli imenifungua macho. Mwalimu alituonyesha kwa hesabu: ukiwa 60 km kwa saa gari inakula karibu metre 17 kila segonde, sasa ukiangalia telefone segonde mbili tu umeshapita metre 33 bila kuona kitu, na ukizidisha mbio mara mbili nafasi ya kufunga fre inakuwa mara ine!! Ila ya usukani njo ilinigusa zaidi, juu hapa kwetu tunatembelea kuume na magari mingi usukani iko kuume vilevile, kwa hiyo ukitaka kupita kamio huoni mwenye anakuja mbele, lazima ubaki mbali nyuma yake kwanza. Tulienda hata Rond-point Chukudu, ile mzunguko wa barabara hapa mjini, kuangalia namna bamotari, watu wa pikipiki, banaingia.

Kasoro: watu wengi, gari moja, nilishika usukani dakika kumi tu. Na mvua, na ile barabara ya mawe ya volkano, hawakuigusa kabisa. Walete na bamotari jameni, hao njo tunaokota kila siku kwenye aksida.